Mizinga ya Fort Jesus na Ndege Zilizotoweka

Mgeni afikapo Mombasa hakosi kupelekwa Fort Jesus. Ataoneshwa kuta nene zilizojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ataoneshwa kisima, nyumba ya gavana wa Kiomani na mizinga ya kale iliyokuwa ikishindiliwa baruti mdomoni. Lakini katika mizinga hiyo ipo miwili isiyofanana na mingine. Mitutu yake ni mirefu na myembamba, na risasi zake zilikuwa zikiingizwa kwa nyuma. Hii ni mizinga iliyopigana vita vya karne ya ishirini. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na mwenziwe ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus.

Wageni wengi hupiga picha wakaenda zao. Mimi nimeitembelea mizinga hiyo mara nyingi, na kila niifikiapo hujiuliza swali moja: kwa nini hii imebaki, na vyombo vingine vya vita ile ile vimetoweka kabisa? Maana katika vita hivyo palikuwa na mizinga, palikuwa na meli, na palikuwa na ndege, tena ndege za mwanzo kabisa za kivita kuonekana katika anga ya Afrika Mashariki. Mizinga tunayo. Katika ndege zile, huko Ngomeni huoni hata msumari.

Ndugu msomaji, nakuomba tuifuate hadithi hii tangu mwanzo wake, kwa sababu ndani yake mna somo juu ya namna ya kuhifadhi mali ya kale, nasi watu wa pwani tuna haja kubwa ya somo hilo.

MAPAMBANO YA UNGUJA

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, miezi miwili kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105, na mtutu wa kila mzinga ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita nne. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti, meli hiyo ilikuwa imekwisha kutoka bandarini na kuingia bahari kuu, na mawindo yake ya kwanza yakawa meli ya mizigo ya Kiingereza iliyoitwa City of Winchester.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilitokea ghafla mbele ya bandari ya Unguja. Huko ilikuwamo Pegasus, manowari kuukuu ya Waingereza, ambayo ilikuwa imetia nanga ili mitambo yake isafishwe na kutengenezwa. Haikuweza kwenda mbele wala nyuma. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya inchi nne, yaani kama milimita 102, karibu sawa kabisa na ya Mjerumani kwa unene wa risasi. Lakini risasi za Mjerumani zilikwenda mbali zaidi. Mwingereza alipiga, na risasi zake zikaangukia majini kabla ya kufika. Haikupita saa moja, Pegasus ikawa imekwisha kazi yake, na mabaharia zaidi ya thelathini wakapoteza maisha. Baadaye siku hiyo ikazama.

Basi mtu anaposimama baina ya mizinga hiyo miwili hapo Fort Jesus, na ajue kwamba amesimama baina ya mahasimu wawili. Tofauti ya milimita tatu ya unene wa risasi haikuwa na maana yoyote siku ile. Kilichoamua mambo ni umbali wa kufikia, na kwamba mmoja alikuwa akitembea na mwingine amefungwa.

RADIETA KUTOKA MOMBASA

Baada ya ushindi ule, mashine za Königsberg zikaharibika. Nahodha Looff akaiingiza meli yake katika delta ya mto Rufiji, penye mikoko minene na vijito visivyo na hesabu, akaificha huko. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba 1914. Hata hivyo kuijua ilipo ni jambo moja, na kuifikia ni jambo jingine. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa sababu ya kina kidogo cha maji, na kutoka baharini haikuonekana, maana mikoko iliiziba.

Hapo ndipo ndege zilipoitwa. Rubani wa kwanza alikuwa raia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege yake ya Kimarekani aina ya Curtiss, ndege ya kuruka na kutua majini. Aliletwa pamoja na ndege yake hadi kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Hapo nataka msomaji wa Mombasa atege sikio. Radieta ya ndege ile ilipoharibika, ilibidi manowari iende hadi Mombasa kutafuta nyingine. Ikapatikana radieta ya gari aina ya Ford, ikapelekwa ikafungwa katika ndege. Kwa hiyo katika macho ya kwanza yaliyoitazama Königsberg kutoka juu, kulikuwa na kipande cha gari kilichotoka mjini kwetu.

Ndege ile haikudumu. Mwezi wa Desemba 1914 Cutler alilazimika kutua mtoni, akakamatwa na Wajerumani. Ndege nyingine zikaletwa mwanzoni mwa mwaka 1915, aina ya Sopwith, nazo zikashindwa na hali ya hewa. Gundi ililegea kwa joto, mbao za pangaboi zikapinda, na injini hazikuwa na nguvu ya kuinua rubani, mwenziwe, petroli na mabomu kwa pamoja katika hewa ya joto ya pwani. Baadaye zikaja ndege aina ya Short, ambazo ziliweza kupiga picha za meli ile katika maficho yake mwezi wa Aprili. Mwishowe zikaletwa Caudron na Henri Farman, ndege za kutua nchi kavu, na kiwanja kikatengenezwa kisiwani Mafia.

Wakati huo Waingereza walikwisha kuleta manowari mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya serikali ya Brazil zitumike mitoni, kwa hiyo hazikuzama sana majini. Zilishambulia mara ya kwanza tarehe 6 Julai 1915 zisifanikiwe. Tarehe 11 Julai zikarudi. Juu yao iliruka ndege moja, rubani wake akiitwa Cull na mtazamaji wake Arnold, nao wakapeleka habari kwa simu ya upepo: risasi imepita, risasi imepungua, sogeza kushoto, sogeza kulia. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka Arnold aliendelea kupeleka habari, mpaka ikaangukia mtoni karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Risasi za manowari zilikuwa zimekwisha kupata shabaha. Siku hiyo hiyo Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao.

Ama kweli, bila ya ndege zile za vitambaa na vijiti Königsberg isingepatikana kwa urahisi. Lakini leo aliyeshindwa ana mzinga wake Mombasa, na ndege iliyomshinda haina hata kibao.

MABEGA YALIYOVUTA CHUMA

Kwa nini mzinga ulibaki? Sababu ya kwanza ni kwamba ulikuwa na kazi. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi kutoka katika meli iliyozama, wakaivuta hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaitengenezea magurudumu. Kisha ikatawanywa katika nchi nzima kupigania nchi kavu. Mmoja ulifungwa katika meli ya Graf von Götzen kwenye ziwa Tanganyika.

Ukisoma vitabu vingi vya vita hivyo utaona imeandikwa kwamba mizinga "ilipelekwa." Nani aliipeleka? Mtutu mmoja peke yake una uzito wa kama tani moja na nusu, mbali na kitako chake. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya Waafrika, kupita matope, mchanga na msitu. Na upande wa Waingereza ilikuwa vivyo hivyo. Wapagazi waliochukuliwa kutoka Kenya, Uganda na kwingineko walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mombasa tunayo sanamu ya askari na wapagazi katika barabara ya Jomo Kenyatta. Mimi huwaambia vijana kwamba anayetaka kuielewa sanamu ile na aende pia akautazame mzinga wa Königsberg, kwa maana kimoja ni mtu na kingine ndicho alichokivuta.

Katika mizinga kumi, mitatu inajulikana kuwa imehifadhiwa: mmoja Pretoria huko Afrika Kusini, mmoja Jinja nchini Uganda, na huu wetu wa Mombasa. Meli yenyewe ilikaa ikioza katika Rufiji kwa miaka kama hamsini. Katika miaka ya 1960 watu wa vyuma chakavu walikata walichoweza kukata, na kilichobaki kikazama katika tope.

Kwa hiyo mzinga ule ni zaidi ya pambo la bustani. Ni mmoja wa vipande vichache sana vya meli ile ambavyo mtoto wa shule anaweza kwenda kuvitia mkono.

KWA NINI NDEGE HAZIKUBAKI

Ndege za mwaka 1915 zilikuwa za mbao nyepesi, waya, na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mchwa hula mbao, unyevu huozesha kitambaa, na joto huachanisha gundi. Tena vita vilipokwisha hakuna aliyeona haja ya kuweka kitu kilichopitwa na wakati, maana kila mwaka ilitoka ndege bora kuliko ya mwaka uliopita. Mzinga ukiachwa uwanjani miaka kumi utapata kutu. Ndege ya kitambaa ikiachwa miaka kumi itakuwa takataka.

Si kwetu tu. Waingereza wenyewe, wenye majumba makubwa ya makumbusho, walitengeneza zaidi ya ndege 900 za aina ya Short 184 zilizotumika baharini katika vita hivyo. Kilichobaki ni sehemu ya mbele ya kiwiliwili cha ndege moja, iliyoruka katika mapigano ya Jutland mwaka 1916. Ilikuwa imewekwa katika makumbusho London, na bomu la Wajerumani likaiharibu humo humo wakati wa Vita vya Pili. Mabaki yake yamewekwa katika makumbusho ya ndege za jeshi la wanamaji huko Yeovilton, nayo huoneshwa jinsi yalivyo, yamevunjika.

Vita vya Pili navyo vilituletea ndege Mombasa. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi wa Aprili 1942, kundi la manowari za Kiingereza la Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, pamoja na manowari zake za kubebea ndege. Wazee wetu waliziona ndege aina ya Fulmar na Albacore. Fulmar zilitengenezwa 600, na leo ipo moja tu nzima, nayo ndiyo ile ya kwanza iliyoruka Januari 1940. Albacore zilitengenezwa 800, na iliyopo ni moja, iliyoungwa kwa mabaki ya ndege zilizoanguka. Zote mbili zimo Yeovilton.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo ningependa lifike Mombasa. Katika makumbusho hayo ipo ndege ya kivita aina ya Corsair, namba yake KD431, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1944 kwa ajili ya wanamaji wa Uingereza. Ilipofikishwa hapo katika miaka ya 1960 ilipakwa rangi mpya ili ipendeze. Ikakaa hivyo miaka arubaini. Baadaye mafundi walipoichunguza waligundua kwamba chini ya rangi ile ya urembo bado iko rangi ya kiwandani ya mwaka 1944, pamoja na alama na maandishi ya mafundi wa wakati wa vita. Basi hawakuipaka tena. Walikaa kwa miaka wakiibandua rangi ya juu kidogo kidogo kwa mkono, sehemu ndogo ndogo, mpaka ndege ikarudi katika sura iliyokuwa nayo ilipokuwa kazini. Sasa imechakaa, ina mikwaruzo na viraka. Lakini kila mkwaruzo ni wa kweli.

Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba kuhifadhi ni kukifanya kitu king'are. Mafundi wale walionesha kwamba anayepiga msasa chombo cha kale ili akipake rangi mpya huenda anafuta barua ambayo hakuna mwingine mwenye nakala yake. Katika mzinga wa manowari mna namba zilizogongwa, mna alama za kiwanda, mna makovu ya vita na ya safari. Vyote hivyo vimo katika ngozi ya juu kabisa ya chuma, pale pale ambapo kutu huanzia na msasa hupitia.

CHUMVI NDIYE ADUI

Siku moja nilishuka hadi Bandari ya Kale, huko ambako majahazi bado hutia gati, nikamkuta fundi mmoja mzee akipiga kalafati. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba. Nikamuuliza, "Mzee, chuma cha baharini hutunzwaje?"

Akacheka. "Mwanangu, chuma kikishakunywa maji ya chumvi, hata ukikipaka rangi, kile kiu bado kinacho. Rangi huiziba kutu nje, nayo ndani yala."

Nilimsikiliza kwa makini, kwa sababu maneno yale ndiyo yasemwayo na wataalamu wa maabara kwa lugha nyingine. Chumvi ya bahari hupenya katika vitundu vidogo vya chuma. Ikiwa ndani, huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo pamoja na hewa huendesha kutu bila kukoma. Ndiyo maana mzinga uliotolewa baharini ukapakwa rangi mara moja, baada ya miaka michache hubambuka vipande kama mkate mkavu. Na mzinga uliosimama Mombasa, hata usipotiwa baharini, huletewa chumvi na upepo. Kaskazi huileta, na kusi huileta zaidi.

Fundi yule alinikumbusha kwamba mabaharia wetu walilijua jambo hilo tangu zamani. Jahazi halikuachwa likauke juani bila kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu yake ya chini ilipakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasilitoboe. Kazi hiyo haikufanywa mara moja ikaisha. Ilirudiwa kila msimu.

Wajerumani nao walilijua. Ile Graf von Götzen niliyoitaja, waliizamisha wenyewe katika ziwa Tanganyika mwaka 1916 ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi kwa uangalifu mkubwa. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma wanalijua hadi hii leo. Maji yale yalikuwa baridi, ndiyo, lakini grisi iliyopakwa na mtu mwenye kufikiria kesho ndiyo iliyoipa meli ile maisha ya pili.

ELIMU IMO MUMO HUMO NGOMENI

Wapo watakaosema kwamba hizi ni kazi za Ulaya, zenye fedha na mashine. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu umo ndani ya Fort Jesus yenyewe.

Mwaka 1696 Waomani waliizingira ngome hii. Mwaka uliofuata, merikebu ya kivita ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein katika bara la Hindi, ilikuja kutoka Goa kuleta msaada. Ikazama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba 1697, na mwaka 1698 ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Merikebu ikakaa chini ya bahari karibu miaka mia tatu.

Kati ya mwaka 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na taasisi ya Kimarekani ya uchunguzi wa mambo ya kale ya baharini, chini ya uongozi wa Robin Piercy, yaliifukua. Wapiga mbizi walitoa maelfu ya vitu: vyombo vya udongo na vya kaure, mbao, kamba, ngozi, vyuma, risasi za mizinga. Wakati huo mhifadhi wa Fort Jesus alikuwa Hamo Sassoon, na maabara ilikuwa humo humo ngomeni.

Kitu kitokacho baharini hakiruhusiwi kukauka ovyo. Mbao iliyolowa miaka mia tatu huonekana nzima, lakini ndani yake maji ndiyo yaliyoishika. Ikianikwa juani husinyaa na kupasuka. Kwa hiyo hulowekwa katika maji matamu, yakabadilishwa tena na tena mpaka chumvi itoke, kisha hunyweshwa dawa inayofanana na nta ili ichukue nafasi ya maji. Chuma nacho hulowekwa katika maji yenye magadi makali, na mara nyingine hupitishiwa umeme mdogo kwa miezi ili chumvi itoke ndani yake. Halafu hukaushwa, hupakwa nta, na huwekwa pahali pasipo na unyevu. Gamba la merikebu lenyewe, baada ya kupimwa na kuchorwa, lilifunikwa tena kwa mchanga chini ya bahari, kwa kuwa huko ndiko salama kuliko kulitoa bila ya uwezo wa kulitunza. Huo nao ni uhifadhi. Mwenye hekima hutoa kile tu anachoweza kukilea.

Mikono mingi iliyofanya kazi ile ya maabara ilikuwa ya watu wa hapa hapa Mombasa, na kizazi hicho kinazidi kuzeeka. Mzee mwenye kujua kuutambua mzinga unaoumwa kwa kuugusa tu ni hazina, na hazina hiyo haiwekwi katika kabati la kioo. Njia ya kuihifadhi ni kumpa kijana akae karibu naye.

LA KUFANYA

Tangu mwaka 2011 Fort Jesus imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Heshima hiyo ni kubwa, nayo ina gharama zake. Juu ya mizinga hii miwili, nionavyo mimi, yako mambo manne yasiyohitaji mamilioni.

La kwanza, mizinga ioshwe kwa maji matamu mara kwa mara, hasa wakati wa kusi, ili chumvi isipate makazi, na mitutu izibwe ili maji ya mvua yasisimame ndani. La pili, kabla ya mtu yeyote kushika brashi ya waya au kopo la rangi, kila namba na kila alama ipigwe picha na iandikwe. Rangi ya zamani ichunguzwe tabaka kwa tabaka, kama walivyofanya wenzetu na Corsair yao, ili tujue kilichomo kabla ya kukiondoa. La tatu, ipakwe nta au mafuta yanayoweza kutolewa baadaye bila kuumiza chuma, na juu yake uezekwe angalau paa jepesi, kwa sababu jua na mvua vikipokezana huharibu haraka kuliko kimoja peke yake.

La nne ndilo kubwa zaidi. Pawepo maelezo ya Kiswahili yanayosema habari yote: Unguja, Rufiji, radieta ya Mombasa, ndege za Mafia, na zaidi ya yote, wale waliovuta. Katika nyumba za pwani na bara zimo bado hadithi za mababu waliochukuliwa "kariakoo" wasirudi, au waliorudi wakiwa na kovu la kamba begani. Hadithi hizo hazina chuma wala mbao. Hupotea upesi kuliko ndege za kitambaa, maana anayezishika akifa zimekwisha.

Ikiwa babu yako alikusimulia habari hizo, ziandike wiki hii katika daftari, pamoja na jina lake na kijiji alichotoka, kisha peleka nakala Fort Jesus ikawekwe pamoja na mzinga. Ndege zile zimekwisha kutuponyoka. Mzinga tunao, na wajukuu wa waliouvuta bado wapo.